Kompyuta kuukuu, seva nyepesi: tupime kumbukumbu kwanza

Kijana wa Uvira anayejifunza kutengeneza tovuti kwa kompyuta kuukuu huambiwa mapema anunue mpya. Ushauri huo hutazama kasi ya prosesa, na ndipo unapokosea. Seva ya majaribio humhudumia mtu mmoja: kivinjari huomba ukurasa kwenye anwani 127.0.0.1, yaani ndani ya mashine ileile, na hata prosesa ya mwaka 2008 inaimudu kazi hiyo. Kinachoilemea mashine yenye gigabaiti 1 ya RAM ni kumbukumbu hiyo. Ikijaa, mfumo huanza kuhamishia data kwenye diski ngumu, iliyo ya polepole mara maelfu, na kila ukurasa unakuwa wa kusubiriwa.

Kwa hiyo dawa ni kupunguza. Kifurushi kama XAMPP huleta seva ya Apache, hifadhidata ya MariaDB na lugha ya PHP kwa pamoja, na MariaDB kwa kawaida hujipangia akiba ya megabaiti 128 kwa ajili ya data peke yake. Lakini tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012, PHP ina seva yake ndogo. Amri php -S 127.0.0.1:8000 inatosha kuiwasha. Hifadhidata nayo iwe SQLite, ambayo ni faili moja isiyohitaji programu ya kukesha pembeni. Daftari la bei za ndagala na mikeke, au la mizigo inayoshushwa bandari ya Kalundu, linaingia humo bila shida. Tena umeme wa shirika la SNEL hukatika, na betri ya kompyuta ya zamani aghalabu imeshakufa. SQLite hutunza rekodi ya kila badiliko hadi likamilike, hivyo umeme ukirudi, badiliko lililokatizwa hufutwa na data hubaki nzima. Mfumo endeshi nao upo: kwa mashine za biti 32, Debian 12 bado husakinishwa. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imeacha kuzihudumia.

Wapo watakaosema kwamba seva nyingi za kukodi hutumia MariaDB, kwa hiyo kinachokubali hapa kitakataa kule. Hoja hii ina uzito: SQLite huweza kupokea maneno katika safu ya namba, na huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati. Jibu ni kuandika SQL ya kawaida kupitia PDO, kiunganishi cha PHP na hifadhidata, kisha kuwasha MariaDB yenye akiba iliyopunguzwa kwa ukaguzi wa mwisho kabla ya kupandisha tovuti. Wengine watapendekeza kufanya kazi kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti. Hapo kila jaribio litakula megabaiti za kununua, na mtandao ukipotea kazi inasimama. Ufundi huu hujengwa kwa kujaribu mara nyingi, na seva nyepesi humwezesha mwanafunzi kurudia jaribio bila gharama ya mtandao. Kabla ya kumtuma dukani, tumwonyeshe kwanza ni programu zipi zinazoijaza kumbukumbu yake.