Mpiga Picha na Mpigwa Picha: Uhakiki wa The Last Resort ya Martin Parr

Kitabu cha picha cha Martin Parr kiitwacho The Last Resort kilitolewa mwaka 1986. Picha zake 40 zilipigwa baina ya 1983 na 1985 katika New Brighton, mji mdogo wa mapumziko ulioko mahali ambapo mto Mersey unaingia baharini, ng'ambo ya Liverpool. Jina la kitabu lina maana mbili kwa wakati mmoja: ni mahali pa mwisho pa kwenda kustarehe, na pia ni kimbilio la mwisho la mtu aliyekosa pengine pa kwenda. Kwa Kiswahili maana hizo mbili haziingii katika neno moja bila ya kubanana. Hata hivyo "kimbilio la mwisho" ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na picha zenyewe, na ugomvi uliokizunguka kitabu hiki watokana na swali moja: je, mtazamaji amepewa ruhusa ya kuwacheka waliokimbilia huko?

Haiwezekani kulijibu swali hilo bila ya kuitazama historia ya mahali. Mwaka 1830 James Atherton, mfanyibiashara wa Liverpool, alinunua ardhi hapo akikusudia kujenga makao ya wenye nacho. Lakini kwa kadiri karne ilivyosonga, waliopajaza hasa ni wafanyakazi wa bandarini na viwandani, waliovuka mto kwa feri siku za mapumziko. Bwawa kubwa la kuogelea lilifunguliwa mwaka 1934. Baadaye mambo yaligeuka. Feri ya kwenda New Brighton ilikoma mwaka 1971, gati lake likabomolewa kabla muongo huo haujaisha, na kazi za bandari ya Liverpool zikaendelea kupungua. Kuanzia 1982 wasiokuwa na kazi Uingereza nzima walizidi milioni tatu, na Liverpool ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi. Hao ndio watu waliomo katika kitabu. Walikwenda New Brighton kwa sababu palikuwa karibu, na nauli ya mbali hawakuwa nayo.

Kwa upande wa fani, Parr aliivunja desturi. Wapiga picha wengi wa Uingereza walioshughulikia maisha ya watu wa kawaida walitumia filamu nyeusi na nyeupe, na weusi ule uliwavisha maskini heshima ya huzuni. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya hivyo katika kazi zake za awali. Huko New Brighton alitumia filamu ya rangi, kamera yenye filamu pana ionyeshayo kila kitu kidogo kidogo, na taa ya flashi hata jua likiwa limewaka. Taa hiyo huondoa vivuli vya kusitiri. Aiskrimu inayeyuka juu ya vidole vya mtoto. Takataka zinafurika kutoka pipani huku familia inakula chipsi kando yake. Wanunuzi wa mikate ya soseji wanasukumana kwenye kaunta. Mwanamke amelala kifudifudi akiota jua kandokando ya minyororo ya tingatinga. Rangi ni zile za kadi za posta zinazouzwa kwa watalii, lakini yaliyomo ni yale ambayo kadi za posta huyaficha.

Hapo ndipo wahakiki walipogawanyika. Kazi hii ilipoonyeshwa London mwaka 1986 katika jumba la Serpentine, baadhi yao walimshutumu Parr kwamba, akiwa mtoto wa tabaka la kati kutoka Surrey, amewadhihaki watu wa tabaka la chini. Shutuma hizo zilimfuata. Alipoomba kuwa mwanachama kamili wa Magnum mwaka 1994, Philip Jones Griffiths, aliyejulikana kwa picha zake za vita vya Vietnam, alimpinga vikali, na Parr aliingia kwa kura chache mno. Lakini Parr mwenyewe amesimulia kwamba picha hizo hizo zilipoonyeshwa Liverpool hazikumshtua mtu, kwa kuwa watazamaji waliyajua mazingira yao na hawakuona jipya. Hitilafu hiyo baina ya miji miwili ni ushahidi usiofaa kupuuzwa. Yaonyesha kwamba dhihaka, ikiwa ipo, haikai ndani ya picha peke yake, bali huzaliwa pale picha inapokutana na jicho la mtu wa tabaka jingine.

Sarufi ya Kiswahili yaweza kulisaidia suala hili. Mtu husema "alimpiga mtoto picha", na hapo mtoto ni yambwa, mtu aliyetendewa. Akisema "alipiga picha ya mtoto", mtoto ametoka katika nafasi ya mtendewa akawa sifa tu ya picha. Tena, "picha ya mtoto" ina utata: ni picha inayomwonyesha mtoto, au ni picha ambayo mtoto ni mwenyewe, yaani mali yake? Kiunganishi -a- kinazifumbata maana zote mbili, nayo mazingira ndiyo yaamuayo. Katika The Last Resort maana hizo zimetengana kabisa. Picha zinawaonyesha watu wa Mersey, lakini mali ni ya mpiga picha, jumba la maonyesho na mnunuzi wa kitabu.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na Parr alilijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliajiriwa kupiga picha katika kambi ya mapumziko ya Butlin's huko Filey, pwani ya Yorkshire. Katika kambi za namna hiyo aliyepigwa picha ndiye aliyeinunua na kuondoka nayo. Alitengeneza nywele, akasimama wima, akajionyesha alivyotaka kuonekana. Huko New Brighton mpigwa picha hakuwa tena mteja. Mfano wa pili ni Tom Wood, mzaliwa wa Mayo nchini Ireland, aliyeishi New Brighton tangu 1978 hadi 2003 na kuwapiga picha watu wale wale: ufukweni, mitaani, na katika klabu ya dansi aliyoifanyia kitabu chake Looking for Love cha 1989. Wenyeji walimzoea hata wakampachika jina la Photie Man, yaani bwana picha. Wood naye hakuificha aibu ya mtu; vijana wake wamelewa na jasho linawatiririka. Lakini nyuso zao mara nyingi zinamwelekea kama zimwelekeavyo jamaa. Tofauti haimo katika huruma ya moyoni, ambayo hakuna mhakiki awezaye kuipima, bali katika mazoea, ambayo yanaonekana.

Hata hivyo si haki kumhukumu Parr kwa kosa la dhihaka peke yake. Watoto wamejaa kitabuni, na karibu na kila mtoto yupo mtu mzima anayembeba, anayemlisha au anayembembeleza katikati ya uchafu. Pia yumo msichana muuza aiskrimu, amesimama nyuma ya kaunta, mkono kiunoni, akiikazia kamera macho pasipo kutabasamu. Yeye yuko kazini wakati wengine wanastarehe, na ndiye anayemrudishia mtazamaji swali lake. Upungufu mkubwa wa kitabu ni mwingine: sababu hazimo. Pipa linaonekana likifurika, lakini aliyepaswa kulizoa haonekani. Bandari iliyokosa kazi iko ng'ambo ya mto, nje ya fremu. Mtazamaji asiyeijua historia atadhani taka zile ni tabia ya watu, kumbe ni dalili ya mji uliotupwa.

Mwaka 2018 picha za Parr, Wood na Ken Grant zilionyeshwa pamoja New Brighton kwenyewe. Bwawa la 1934 halikuwapo tena. Lilibomolewa baada ya dhoruba ya 1990. Kwa mtu aliyeogelea humo utotoni, picha zilizoitwa kejeli katika jumba la London zaweza kuwa kumbukumbu za bwawa hilo na za wazazi waliompeleka. Hilo halimwondolei Parr lawama ya kuziacha sababu nje ya fremu. Lakini laonyesha kwamba thamani ya picha ya jamii haipimwi siku ya kwanza, wala na wageni peke yao. Sharti irudi kwa wenyewe, wapate kuamua kama ni picha yao kwa maana zote mbili za neno hilo.