Breki, Pete na Mshipi: Pesa ya Mvuvi wa Besi Iende Wapi?

Tarehe 2 Juni 1932, mvua ilikuwa imelowesha mashamba ya jimbo la Georgia, Marekani, kiasi kwamba hapakuwa na kulima. George Perry, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akiisaidia familia yake katika miaka ile migumu ya mdororo wa uchumi, akaenda na rafiki yake kuvua katika Montgomery Lake, ziwa dogo lililoachwa na kona ya zamani ya Mto Ocmulgee. Kwa masimulizi yanayorudiwa hadi leo, walikuwa na fimbo moja, rili moja na chambo bandia kimoja, wakipokezana kurusha. Fimbo na rili, inasimuliwa, ziligharimu dola 1.33. Perry alirudi na besi mwenye mdomo mkubwa wa kilo 10.09, akampima katika mji wa Helena, kisha familia ikamla.

Huyo ndiye besi wa rekodi ya dunia, na rekodi hiyo haijavunjwa. Mwaka 2009, miaka 77 baadaye, Manabu Kurita alimvua besi wa kilo 10.12 katika Lake Biwa nchini Japani. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko inavyotakiwa na kanuni za chama cha kimataifa cha IGFA, hivyo wawili hao wakaandikwa sare.

Bahati ya Perry haiwezi kununuliwa. Zana zake, hata hivyo, zinatuachia swali linalomhusu kila mtu anayesimama mbele ya kabati la duka akihesabu noti zake: fimbo na rili vinapaswa kufanya kazi gani hasa, na ni shilingi ipi inayolipia kazi hiyo? Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kuvua na kufungua rili za watu mezani kwangu, ni kwamba kuna sehemu tatu zisizofaa kubaniwa pesa: breki ya rili, pete za fimbo na mshipi wenyewe. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Anza na samaki

Besi ni mviziaji. Hukaa kando ya magugu, kwenye kivuli cha gogo au chini ya gati, akisubiri chakula kipite. Kikipita, hutoka kwa kasi, hufungua mdomo na kukivuta pamoja na maji. Mbio zake ni fupi. Hafanyi kama jodari anayevuta mshipi mita mia kuelekea kilindini. Akishajua amenaswa, hukimbilia kule kule alikotoka, kwenye magugu na matawi, au huruka juu ya maji akitikisa kichwa ili aitoe ndoana.

Tabia hizo ndizo zinazopanga masharti ya zana. Kwa kuwa mbio ni fupi, rili haihitaji kubeba mshipi mwingi. Kwa kuwa taya lake lina mfupa mgumu, fimbo inahitaji ukakamavu wa kuizamisha ndoana. Kwa kuwa anakaa kwenye vikwazo, mshipi uwe na uwezo wa kumgeuza katika sekunde chache za kwanza. Na kwa kuwa hutikisa kichwa na kubadili mwelekeo ghafla karibu na miguu yako, breki lazima iachie bila kushtuka. Hakuna sharti hata moja kati ya hayo linalodai rangi ya dhahabu au beringi kumi na mbili.

Rili: jinsi urahisi ulivyopatikana

Rili za zamani zilikuwa na bobini inayozunguka wakati wa kurusha. Ukirusha, chambo kinavuta mshipi, mshipi unaizungusha bobini. Chambo kikipunguza kasi na bobini ikaendelea kukimbia, mshipi unajimwaga na kusokotana kama kiota cha ndege. Rili bora za aina hiyo zilihitaji ufundi wa hali ya juu, na mvuvi alihitaji kidole gumba chenye uzoefu.

Mwaka 1947, fundi saa wa Texas aitwaye R. D. Hull alipeleka wazo kwa kampuni moja ya Tulsa, Oklahoma, iliyokuwa ikitengeneza mabomu ya kulipulia visima vya mafuta, Zero Hour Bomb Company. Wazo lenyewe ni jambo ambalo kila fundi cherehani analijua: uzi ukivutwa kupitia ncha ya bobini iliyotulia, unatoka wenyewe bila bobini kuzunguka. Rili ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 1949, na mwaka 1954 ikaja Zebco 33, jina likiwa limefupishwa kutokana na lile la kampuni. Kitufe kimoja, kifuniko, na mtoto anarusha siku ya kwanza.

Rili ya wazi inayoning'inia chini ya fimbo, ile yenye tao la waya, inatumia kanuni hiyo hiyo. Kwa mtu mwenye pesa kidogo, hiyo ndiyo ninayoipendekeza. Inarusha chambo chepesi cha gramu 5 hadi 10 bila taabu, mshipi unaonekana, na matengenezo yake ni mepesi. Rili ya bobini inayozunguka bado ni silaha nzuri kwa vyambo vizito na magugu mazito, lakini ya bei ya chini sana huwa na bobini nzito. Bobini nzito inahitaji nguvu kuanza kuzunguka na nguvu kusimama, hivyo chambo chepesi hakiendi mbali na kiota hakiishi. Hapo urahisi wa bei unalipwa kwa mshipi unaokatwa na kutupwa.

Chagua ukubwa unaoandikwa 2500 au 3000. Uwiano wa gia wa 5.2 kwa 1 unatosha kabisa: kwa bobini yenye kipenyo cha milimita 45, kila mzunguko wa mkono unarudisha mshipi wa sentimita 70 hivi. Idadi ya beringi isikutishe wala isikupumbaze. Beringi nne zilizokaa vizuri ni bora kuliko kumi za chuma dhaifu zitakazoshika kutu msimu wa kwanza.

Breki ndiyo moyo

Niliwahi kumpoteza besi mkubwa katika Ziwa Naivasha, hatua mbili tu kutoka kwenye mashua. Rili ilikuwa mpya, bei yake ya chini, na niliisifu njia nzima. Samaki alipogeuka mara ya mwisho, breki ilikwama nusu sekunde, kisha ikaachia kwa kishindo. Mshipi ulikuwa tayari umekatika. Nilipoifungua jioni nikakuta washa zake za sufi ni kavu kama karatasi. Tone la grisi ya breki lingemleta yule samaki mashuani.

Breki ni washa chache zinazosuguana ndani ya bobini. Tatizo lake kubwa ni tofauti kati ya nguvu ya kuanza kuteleza na nguvu ya kuendelea kuteleza. Katika breki nzuri nguvu hizo zinakaribiana. Katika breki mbovu, ile ya kuanza ni kubwa mno, na mshipi hukatika kabla breki haijaanza kufanya kazi.

Kuipima dukani ni rahisi. Omba mshipi upitishwe, kaza breki kiasi, kisha uvute polepole kwa mkono. Mshipi utoke kwa mwendo mmoja, kama maziwa yanayomiminwa. Ukitoka kwa kurukaruka, irudishe kabatini. Halafu geuza mkono wa rili mbele kidogo kisha nyuma: usikubali uchezecheze, kwa kuwa nafasi hiyo ndiyo inayopotea unapotaka kunasa samaki.

Nyumbani, funga mshipi kwenye mizani ndogo ya kuning'iniza na urekebishe breki iachie kwenye robo hadi theluthi ya uwezo wa mshipi. Mshipi wa kilo 4.5 uachie kati ya kilo 1.1 na 1.5. Kumbuka pia kwamba bobini ikipungua, breki inakuwa ngumu yenyewe. Breki iliyopangwa kuachia kwenye kilo 1.2 bobini ikiwa imejaa itadai kilo 2.4 kipenyo cha mshipi kikibaki nusu. Ndiyo maana bobini hujazwa hadi zibaki milimita 2 au 3 chini ya ukingo. Ukijaza kupita hapo, mshipi unamwagika. Ukipunguza, urushaji unafupika na breki inakudanganya.

Fimbo na pete zake

Fimbo za kwanza za bei nafuu zenye kutegemewa zilitokana na faibaglasi. Katika miaka ya 1970 ikaja grafaiti, nyepesi na kakamavu, inayopeleka hadi kiganjani hata mguso wa jani. Lakini grafaiti ya kiwango cha juu haivumilii kugongwa. Mwaka 1976 kampuni ya Shakespeare ikatoa Ugly Stik, iliyochanganya vitu hivyo viwili, na tangu hapo mchanganyiko huo umekuwa kimbilio la mvuvi asiyetaka kununua fimbo mpya kila mwaka. Fimbo ya sasa ya jamii hiyo, GX2, imekuwa ikiuzwa Marekani kwa takriban dola 50. Ni nzito kidogo na haina wepesi wa kuhisi kama grafaiti tupu, lakini itavumilia mlango wa gari na mguu wa mtoto.

Kwa besi, tafuta urefu wa futi 6 na nusu hadi 7, nguvu ya wastani au zaidi ya wastani kidogo, na mpindo wa haraka, yaani fimbo inayopinda zaidi sehemu ya juu na kubaki kakamavu chini. Soma maandishi yaliyo juu ya mpini: mshipi wa ratili 8 hadi 14, chambo cha gramu 7 hadi 18, au karibu na hapo. Hayo ndiyo makubaliano kati ya fimbo, mshipi na chambo. Ukiyavunja, hakuna bei itakayokuokoa.

Kisha angalia pete. Mshipi unasugua hapo kila unaporusha na kila unapovuta. Pitisha pamba ndani ya kila pete: ikinasa nyuzi, pana mchubuko, na mchubuko huo utaukata mshipi siku ya samaki mkubwa. Elekeza fimbo machoni kama unayelenga shabaha, uone kama pete zimepangwa mstari mmoja. Kama unasafiri kwa matatu au bodaboda, chukua fimbo ya vipande viwili bila kusikitika. Viungo vya siku hizi vinakaa vizuri, mradi usivilazimishe.

Mshipi: pesa ndogo, kazi kubwa

Nailoni ilianza kuuzwa kama mshipi wa kuvulia mwishoni mwa miaka ya 1930, na bado ndiyo thamani bora ya pesa katika duka zima. Inanyumbuka, na kunyumbuka huko kunafidia breki isiyo kamili na mkono usiozoea. Mshipi wa kusukwa haunyumbuki na una nguvu kubwa kwa unene mdogo, lakini ni ghali na unadai breki safi zaidi. Kwa seti ya kwanza, weka nailoni ya ratili 10 na uibadilishe kila msimu. Seti zinazouzwa zikiwa tayari zimejazwa mshipi nazo ni za kutazamwa kwa jicho kali: mshipi huo huenda ulikaa ghalani muda mrefu. Uondoe, uweke mpya.

Hesabu ya Naivasha

Besi waliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Kamba wa maji baridi wa Louisiana walioletwa mwaka 1970 wamekuwa chakula chao kikubwa, hivyo chambo laini cha plastiki cha rangi ya kahawia au nyekundu iliyofifia, kikiburuzwa polepole chini, kina mantiki pale. Maji yaliyopanda miaka ya karibuni yameimeza migunga ya ufukweni, na besi wanajificha kati ya mashina hayo makavu. Hapo ningepandisha mshipi hadi ratili 12 na nisingepoteza hata senti kwa rili ya kasi.

Mgawanyo ninaowapa wanaoniuliza ni huu: nusu ya bajeti iende kwenye rili, theluthi kwenye fimbo, na kinachobaki kinunue mshipi mpya, ndoana kali, chubwi chache na pakiti moja ya minyoo ya plastiki. Bajeti ikiwa finyu zaidi, tafuta rili iliyotumika ya kampuni ambayo vipuri vyake bado vinapatikana, uifungue, uioshe na uipake grisi. Niliyonayo mimi sasa ni ya namna hiyo.

Na jioni, kabla ya kuiweka kabatini, ifute kwa kitambaa chenye unyevu, tia tone moja la mafuta kwenye kirola kinachopokea mshipi, kisha legeza breki hadi mwisho. Washa zinazolala zimebanwa hugandamana, na zikigandamana, asubuhi utaanza upya na ile breki iliyoniponyoshea samaki wangu.