1,540,519: namba ya Rukwa tunayoisoma vibaya

Sensa ya 2022 iliupa Mkoa wa Rukwa watu 1,540,519. Kwenye jedwali la matokeo namba hii inasimama na tarakimu zake zote saba, kana kwamba zina uzito sawa. Hapo ndipo nina ugomvi na jedwali.

Shika kalkuleta. 1,540,519 ni 47 × 73 × 449, na zote tatu ni namba tasa. Inapendeza, sivyo? Sasa chukulia kwamba usiku wa kuamkia 23 Agosti mtu mmoja tu wa Sumbawanga alilala Tunduma, akahesabiwa Songwe. Tunabaki na 1,540,518, yaani 2 × 3 × 7 × 43 × 853. Akija mgeni mmoja badala yake, tunapata 1,540,520, yaani 2 × 2 × 2 × 5 × 19 × 2,027. 47, 73 na 449 zimepotea kote kuwili. Si ajabu: namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Kwa hiyo vigawo ni sifa ya namba yenyewe. Kuhusu watu wa Ufipa havituambii kitu.

Ukubwa ni habari nyingine. Mwaka 2012 Rukwa ilikuwa na watu 1,004,539, hivyo ongezeko la miaka kumi ni kama asilimia 53. Punguza watu 10,000 kwenye namba ya 2022 uone: linashuka hadi 52 tu. Kwa kasi hiyo watu huongezeka maradufu katika miaka 16 hivi, na hilo nalo halitikisiki. Kasi ikibaki hivyo, mtoto aliyezaliwa Nkasi au Kalambo mwaka wa sensa atafika umri wa kidato cha nne mkoa ukiwa na watu mara mbili. Madarasa, maji na mahindi ya kuwalisha vinategemea tarakimu mbili tatu za mwanzo. Ile 9 ya mwisho haijengi hata choo cha shule.

Kuna mtego mwingine. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ukichukua namba ya "Rukwa" ya sensa ya 2002 ukailinganisha moja kwa moja na hizi, unalinganisha mikoa miwili tofauti yenye jina moja. Ni kama lumbesa: gunia linaitwa gunia, lakini kilichomo si kile kile. Mkulima wa uwandani analijua hilo vizuri kabla hajakubali bei.

Kuhesabu mpaka mtu wa mwisho ni sahihi, maana kila mtu ana haki ya kuhesabiwa. Ila kwenye kupanga, andika "milioni 1.54", weka mwaka, na useme mipaka ni ya lini. Ukiona bango au ripoti inayotoa tarakimu saba bila hayo mawili, uliza.