Ukuta Huanza Kusema Chini

Ukiitwa kuona jumba la shamba la karafuu lililokarabatiwa, Unguja au Pemba, usianze na mlango wa nakshi. Inama. Tazama ukuta pale unapokutana na ardhi, tena nenda masika yakiwa yamepita karibuni.

Wanaotaka jumba livunjwe husema kuta zimeoza. Ukuta wa mawe ya matumbawe hauozi. Umenyimwa paa, mvua ikaingia juu na kuosha udongo mwekundu ulioshika mawe. Paa likirudi na maji yakaanguka mbali na msingi, ukuta mwingi uliohukumiwa kifo huwa ungali na uzima.

Jiwe hilo lina vitundu. Hunywa maji ya ardhini, kisha huyatoa kwa jua na upepo. Lipu ya chokaa huyaachia yapite. Ya saruji huyafungia. Siku za mwanzo ukuta wa saruji huvutia macho. Baadaye unyevu hupanda, chumvi huchanua nyuma ya lipu, na jiwe humumunyika kama mkate uliolowa. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio wa mtungi mtupu, lipu imekwisha kuachana na ukuta. Rangi ya plastiki juu ya chokaa ni kosa lile lile.

Lipu njema hainyooki kama kioo. Hufuata mgongo wa ukuta, na kiganja huusikia. Imepakwa tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, ikanyunyiziwa maji na kufunikwa magunia jua lisiiwahi, kwani chokaa hugeuka jiwe tena kwa kuvuta hewa ya ukaa, polepole, na haiharakishwi. Muulize fundi chokaa yake aliilowesha lini. Aliyeilowesha jana na kuipaka leo amekuachia punje ambazo hazijazimika; zitalipuka ukutani na kuacha vishimo. Anayejibu kwa wiki au miezi, msikilize. Ukitaka kuzoesha jicho, nenda kwenye hamamu za Kidichi, Unguja, alizojenga Sultani Seyyid Said mwaka 1850 katikati ya mashamba, ukatazame nakshi zake za lipu za Kiajemi.

Kisha inua macho. Urefu wa boriti za mikoko ndio uliopima upana wa chumba, kwa kawaida chini ya mita tatu, kwa hiyo chumba chembamba kama ushoroba si kasoro. Aliyeangusha ukuta wa kati apate sebule pana ameliharibu jumba, hata kama kazi yake ni safi. Boriti huoza kichwani, ndani ya ukuta. Choma kwa ncha ya kisu. Fundi ninayemheshimu hutoa ile iliyooza tu, na jirani yake huibakiza na weusi wake wa miaka. Dari ikiwa mpya yote, uliza za zamani zimekwenda wapi.

Ua wa kuanikia karafuu utazame mteremko tu: maji yasirudi ghalani.

Mwisho simama mlangoni mwa ghala. Kizingiti cha zamani huwa kimelika katikati kwa nyayo za wachukuzi wa magunia. Ukikikuta bado kimelika, hakikujazwa saruji kikalingana, omba namba ya simu ya fundi huyo.