Fundi wa Seli

Betri ya kompyuta mpakato ya zamani ikifa, mara nyingi haifi yote. Ukilifungua ganda lake utakuta seli, kwa kawaida sita, zimefungwa mbili mbili katika jozi tatu. Jozi moja ikichoka, saketi ya ulinzi hukata umeme wa zote, na seli nne zenye afya hutupwa pamoja na mbili mbovu. Wapo mafundi wanaoishi kwa kulijua hilo, na kazi yao naiheshimu kuliko ya wengi wanaouza vipya.

Seli hiyo huitwa 18650: kipenyo milimita 18, urefu 65, na sifuri ya mwisho inaonyesha kuwa umbo lake ni la mcheduara. Hutumika kwenye tochi, pawabenki na sigara za umeme. Kobalti iliyomo kwenye nyingi ya seli za kompyuta huenda ilitoka Kolwezi au Likasi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo. Kitu kilichochimbwa kwa jasho jingi hakistahili kufia jalalani kikiwa na uhai.

Fundi mzuri halipigi ganda nyundo. Huchomeka bisibisi bapa kwenye mshono na kuusukuma taratibu hadi plastiki iachie. Kisha hushughulikia vipande vya nikeli vilivyounganisha seli: huvishika kwa koleo lenye mdomo mwembamba na kuvikunja kama mfuniko wa kopo la dagaa. Hapa ndipo mkono wa pupa huumbuka. Mwili mzima wa seli ni hasi, hata lile bega linalozunguka ncha ya chanya, na kinachotenganisha viwili hivyo ni pete nyembamba tu pamoja na ngozi ya plastiki. Koleo likigusa huku na huku, cheche zinaruka. Ndiyo maana kabla ya kukunja chochote, fundi huziba ncha nyingine zote kwa utepe.

Halafu inakuja mita. Seli iliyoshuka chini ya volti 2 huwekwa kando na haichajiwi tena, hata mteja abembeleze vipi, kwa sababu shaba ya ndani huenda imeanza kuyeyuka, na ikija kuganda upya inaweza kuziunganisha pande mbili zisizotakiwa kukutana. Zilizobaki huchajiwa hadi volti 4.2, zikiguswa mara kwa mara kwa kiganja. Inayopata joto inatolewa. Baada ya hapo zinakaa rafuni tu.

Kukaa huko ndiko kunakotenganisha fundi na mbabaishaji. Mteja anakuja, anasema, “Fundi, niunganishie tu niondoke,” naye anajibiwa, “Njoo wiki ijayo, kaka.” Seli inayovuja kwa ndani hujitangaza yenyewe kwa kushuka volti bila kutumika, na fundi hana kifaa cha haraka kinachoweza kuchukua nafasi ya siku hizo. Nimewahi kuona seli nzuri kwa macho, isiyo na kovu wala kutu, ikitupwa kwenye ndoo ya mchanga kwa kosa hilo moja.

Zinazofaulu hupimwa uwezo, zikapangwa na za saizi yake, kwa maana dhaifu ikifungwa na yenye nguvu huburutwa hadi ife. Kuunganisha kwenyewe ni kazi fupi. Kiwandani hutumia mashine ya mshtuko wa umeme. Asiye na mashine hiyo afadhali atumie kishikio chenye springi, maana joto la lehemu huiumiza seli. Kisaketi kidogo cha kuchajia, chenye ulinzi, kinamaliza kazi.

Mwishoni fundi huchukua kalamu ya wino mzito na kuandika kwenye kila seli uwezo wake na tarehe aliyoipima, ili miaka ijayo atakayekifungua kifaa zilimowekwa ajue pa kuanzia.