Mataa ya Magomeni: kazi iliyo chini ya zege

Makutano ya Magomeni, Dar es Salaam, ni mtihani kwa fundi wa mataa. Barabara ya Morogoro inakatana na ya Kawawa, na tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita katikati ya barabara, mengine yakikunja kwenda eneo la Morocco.

Mfuate dereva anayetoka mjini akikata kulia kwenda Kinondoni. Njia ya mwendokasi iko kuliani kwake. Akiruhusiwa kukata huku basi limeruhusiwa kunyoosha, litamgonga ubavuni. Basi litokalo Kimara kwenda Morocco nalo linapaswa kukata kushoto mbele ya magari yanayonyoosha. Kwa hiyo kila mmoja anahitaji zamu yake ya kijani.

Zamu zikizidi, muda unaliwa. Kati ya zamu na zamu taa zote huwa nyekundu kwa muda mfupi ili makutano yawe tupu. Basi refu la mita 18, likienda kilomita 30 kwa saa, hupita mita 8 na ushee kwa sekunde. Tuseme linavuka mita 40: mkia wake utatoka baada ya sekunde 7, wakati gari dogo linatosheka na 5 na kidogo. Anayepiga hesabu kwa gari dogo analiacha basi katikati ya hatari.

Kila taa ya zamu hizo inahitaji waya, na hapo tunafika kwenye uchimbaji, sehemu ninayoiona nzito kuliko nguzo za taa zenyewe. Nyaya hupita ndani ya mabomba yaliyofukiwa kutoka upande mmoja wa barabara hadi wa pili. Lami hukatwa nusu, magari yakapita nusu iliyobaki, kisha upande wa pili ukafuata; udongo hurudishwa tabaka kwa tabaka, kila moja likishindiliwa. Ukirudishwa kwa pupa, baada ya masika utaona bonde limekatiza barabara. Njia ya mwendokasi ni ya zege, na zege halitaki kukatwakatwa. Mabomba hulazwa kabla halijamwagwa, pamoja na ya akiba, maana taa itakayoongezwa kesho haina njia nyingine ya kupita.

Turudi kwenye zamu. Trafiki akishika makutano kwa mkono, huuacha upande mmoja utiririke muda mrefu. Ana hoja. Zamu nne zikipoteza sekunde 5 kila moja, mzunguko mzima wa sekunde 120 unapoteza moja ya sita. Wa sekunde 240, moja ya kumi na mbili. Lakini anayesubiri dakika nne akiwa kwa miguu hasubiri, anavuka. Na vituo vya mwendokasi viko katikati, kwa hiyo abiria wengi huanza na kumaliza safari kwa kuvuka magari. Njia mbili zenye upana wa jumla wa mita 7, kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, ni sekunde 6; mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi apewe 10. Sekunde hizo 4 ningezitoa kwenye kijani cha magari bila kusita.