Tone la Sumu Kwenye Uzi

Juu darini amejilaza mtu mwenye nguo nyeusi. Ametoboa tundu dogo, ameteremsha uzi hadi karibu na mdomo wa mtawala aliyelala chini, na sasa anadondosha sumu. Tone linateleza, linasita, linateleza tena. Nawe mtazamaji unashtuka kuona umebana pumzi.

Hiyo ni Shinobi no Mono, filamu ya mwaka 1962 ya studio ya Daiei, iliyoongozwa na Satsuo Yamamoto. Aliyelala ni Oda Nobunaga. Aliye darini ni Ishikawa Goemon, mwizi mashuhuri wa masimulizi ya Kijapani, hapa akiwa ninja, akiigizwa na Ichikawa Raizō.

Zamani ninja wa sinema ya Japani alikuwa mchawi. Katika filamu bubu ya Jiraiya ya mwaka 1921, chini ya Shōzō Makino, Onoe Matsunosuke anatoweka na kugeuka chura mkubwa. Kamera husimamishwa, wenzake huganda pale pale walipo, yeye hutoka, chura huingizwa, kamera huendelea. Akijitikisa mmoja tu, uchawi umekwisha. Sicheki kazi hiyo. Jaribu wewe kuganda na upanga mkononi.

Yamamoto aliuacha uchawi huo. Riwaya ya Tomoyoshi Murayama aliyoitegemea ilitoka kwanza kwa mfululizo katika Akahata, gazeti la Chama cha Kikomunisti cha Japani, na ninja wake ni kibarua: anatumwa, anadanganywa na mkubwa wake mwenyewe, hana pa kulalamika. Kibarua hatoweki kwa moshi. Lazima atambae, asikilize, angoje. Masaaki Hatsumi, mwalimu wa ninjutsu, yaani sanaa ya ninja, alishauri kuhusu mbinu. Lakini kungoja kule ni kwa Raizō. Alianzia kwenye jukwaa la kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, na hata uso ukifunikwa, shingo na vidole vyake vinasema. Giza la picha nyeusi na nyeupe linamficha nusu, nusu nyingine anajificha mwenyewe.

Zilifuata filamu nyingine sita hadi 1966, zote na Raizō. Alifariki 1969, akiwa na miaka 37. Kabla ya hapo, mwaka 1967, James Bond aliuazima uzi ule katika You Only Live Twice, na mle sumu inaua mara moja. Kwa Yamamoto, baada ya subira yote ile, Nobunaga anapona.